Mashine Ije, Mkono Usisahau

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa reli mbele ya wafanyakazi wenzake, Maua, Meru)



 

Najua yuko mtu anayejiuliza moyoni, "Mtu wa reli ametafuta nini Maua? Hapa hakuna reli, na stesheni iliyo karibu nasi iko Nanyuki." Ni kweli. Lakini mimi ni mtoto wa Igembe. Nilisoma shule ya msingi ya misheni papa hapa chini ya milima ya Nyambene, na elimu yangu ya darasani iliishia hapo. Mengine nimefundishwa na kazi. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno makubwa. Nitasema yale ninayoyajua, nanyi mtayapima.

Neno langu ni moja. Chombo kipya kinapoingia kazini au nyumbani huleta raha, na raha si dhambi. Lakini mara nyingi chombo hicho hutoa ujuzi katika mikono ya mtu na kuupeleka mahali pengine. Na mahali ujuzi ulipokwenda, ndipo mshahara na amri vinapokwenda pia. Hili latuhusu sisi watu wa chama kuliko watu wote.

Nianze na reli, maana ndiko nilikula chumvi.

Wazee wa kazi yetu hutueleza habari za injini za mvuke. Kubwa kuliko zote Afrika Mashariki zilikuwa zile za aina ya 59, zilizoundwa Manchester, Uingereza, zikaletwa huku mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, nazo zilipewa majina ya milima. Moja, iitwayo Mount Gelai, ingali imesimama katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Mkifika huko nendeni mkaitazame, mtoto wa shule apate kuona baba zetu walishindana na nini.

Dreva wa injini ile na mchochezi wake walifanya kazi ya joto, masizi na kelele. Lakini fikirini mambo waliyoyajua. Mchochezi alitazama kioo cha maji usiku kucha, maana maji yakipungua mno juu ya sanduku la moto, kizibo cha risasi huyeyuka, mvuke ukamiminika motoni, na safari ikaishia porini. Dreva alisikiliza mlio wa mtambo wake akajua kwamba kuna kitu kimelegea kabla macho hayajakiona. Na katika karakana walikuwako mafundi wa kufua chuma, wa kuchonga na wa kusubu. Kitu kikivunjika, mara nyingi dawa yake ilikuwa mikononi mwa watu wa hapa hapa.

Kuanzia mwaka 1960 injini kubwa za dizeli zikaanza kuingia, na ilipofika 1980 hivi mvuke ulikuwa umekwisha kazi. Hakuna mtu aliyelilia masizi. Lakini kazi ya mchochezi ilizimika pamoja na moto wake, na yule ambaye hakufundishwa kitu kingine alibaki na ujuzi usio na mnunuzi.

Mambo hayakukoma hapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikagawanywa. Mwezi wa Novemba 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni, na wafanyakazi wengi wakaenda nyumbani. Ukodishaji ule ulikoma mwaka 2017. Mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa, nayo mwanzoni iliendeshwa na kampuni ya Wachina. Vijana wetu, wanaume na wanawake, walifundishwa udreva na kazi nyingine, baadhi yao wakapelekwa Uchina kusoma, na kazi ikaanza kuhamishiwa Wakenya hatua kwa hatua. Hapo mtaona jambo ninalolisema. Reli iko katika ardhi yetu, mchanga ni wetu, abiria ni sisi wenyewe. Lakini mpaka siku ujuzi ulipoanza kuja mikononi mwetu, sisi tulikuwa wageni katika kazi ya kwetu.

Siku hizi injini ikiugua, mara nyingi ni kioo cha kompyuta kinachotaja ugonjwa, na dawa ni kung'oa kisanduku kizima na kutia kingine kilichotoka ng'ambo. Kazi ni safi na ya haraka. Lakini fundi ambaye kazi yake ni kung'oa na kutia tu, akienda kuomba nyongeza ya mshahara ataambiwa, "Wako wengi mlangoni wanaoweza kung'oa na kutia." Fundi anayejua kilicho ndani ya kisanduku haambiwi hivyo.

Sasa, ndugu zangu, msifikiri ninataka turudi nyuma. Mama zetu walisaga wimbi kwa mawe, magoti chini, tangu alfajiri, kabla ya kwenda kuteka maji mtoni na kuja kulima. Mashine ya posho ilipokuja iliwatua mzigo, na bomba la maji likawatua mwingine. Mwanamume akisimama hapa kulilia jiwe la kusagia, mwulizeni kama yeye aliwahi kupiga magoti mbele yake. Hali kadhalika mgonjwa wa malaria apelekwe hospitali, asirudishwe kwenye majani. Sitetei taabu. Natetea ujuzi, na hivyo ni vitu viwili.

Sasa nirudi nyumbani.

Sote hapa twaishi kwa miraa, hata mwalimu, hata mwenye duka, hata mtu wa reli anayepelekewa habari za nyumbani kwa simu. Miraa ni kazi ya ujuzi. Mchumaji hupanda mti na kuchagua chipukizi, hachumi ovyo. Mfungaji hufunga mafungu katika majani ya migomba ili unyevu usipotee, maana miraa ikikaa siku mbili tatu nguvu yake yapungua. Na miti ile mikongwe tunayoiita mbaine, inayochukua jina la rika la wazee wa kale, ni ushahidi kwamba babu zetu walipanda kitu wakijua wajukuu watakila.

Lakini babu zetu hao hawakupanda miraa peke yake. Katika shamba lile lile walipanda ikwa, yaani viazi vikuu, na mti hai ukawa nguzo ya kupandia mche wake. Ikwa ina hekima yake. Hukaa udongoni ikikungoja, huichimbi yote siku moja. Ukiichimba kwa uangalifu, ukala sehemu ya chini na kurudisha kichwa udongoni, itaota tena. Ilikuwa ghala lisilo na mlango wala kufuli. Juu ya miti wakatundika mizinga ya magogo, na penye ubao mzuri wa muringa mzinga ulidumu miaka mingi. Kijana alifundishwa mambo hayo kabla ya kuoa.

Fedha za miraa zilipozidi, tuliona ni rahisi kununua unga wa pakiti, sukari ya pakiti na mafuta ya chupa. Ikwa ikang'olewa kupisha mche wa miraa. Hesabu ile ilikuwa nzuri muda wote soko lilipokuwa wazi. Kisha tazameni. Januari 2013 Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikafanya vivyo hivyo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Somalia ilifunga njia ya miraa yetu, na haikufunguliwa mpaka Julai 2022. Amri zote hizo zilitolewa mbali, na watu ambao hawajapata kuiona Maua. Lakini sufuria zilizokaa bila kitu zilikuwa hapa.

Mti wa miraa hauliwi kwa chakula cha jioni. Nyumba iliyokuwa na mistari miwili ya ikwa nyuma ya boma ilichukua jembe. Nyumba isiyo nayo ilichukua deni dukani. Na kijana wa leo, hata ukimpa kichwa cha ikwa na shamba, lazima atafute mzee wa kumwonyesha kina cha shimo. Mzee huyo akifa kabla ya kuulizwa, hatutaipata elimu yake katika duka lolote.

Ujuzi mwingine ukipotea hauleti njaa tu, huleta mauti. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walipatwa na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi. Walougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yale yalikuwa yamewekwa yangali na unyevu, mengi ndani ya nyumba za kuishi pasipo hewa ya kutosha. Wazee walikuwa na ghala zilizoinuliwa juu ya miguu, upepo ukapita chini na kando, na wimbi lao lilikaa miaka bila kuharibika. Mahindi hayana uvumilivu wa wimbi. Yataka kukauka mpaka unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika mia.

Msiniulize mtu wa kawaida atapimaje bila chombo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, uache dakika chache. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi ni mabichi bado, yarudishe juani. Chumvi ikishuka yote chini bila kushika, mahindi yamekaribia kuwa tayari kwa ghala. Mwonyeshe mtoto wako jioni ya leo. Jambo hilo halina gharama, na laweza kuokoa nyumba.

Sasa nafika penye neno gumu, nanyi wanachama nisikilizeni vizuri, maana adui wa mfanyakazi aweza kulichukua neno langu akalipindua.

Atasema hivi: "Vema! Mfanyakazi arudi kwenye jembe, alime ikwa, atundike mizinga, basi sisi hatuna haja ya kumlipa sana." Maneno hayo si mapya. Wakati wa ukoloni ndivyo mishahara ilivyopangwa. Mwafrika alilipwa kama mtu asiye na mke wala watoto, kwa hoja kwamba mke analima huko nyumbani na atawalisha watoto. Shamba la mke likawa msaada kwa tajiri. Mpaka mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilipotamka kwamba mshahara wapaswa kutazama mahitaji ya mtu na jamaa yake, si ya mtu mmoja tu. Neno hilo halikudondoka mbinguni. Lilisukumwa na wafanyakazi. Januari 1947 watu zaidi ya 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa siku 12 hivi, wakakutana kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni.

Kwa hiyo tuseme wazi ili asitokee wa kutupindua: jembe si mshahara. Ikwa niliyoipanda mimi ni mali yangu, mwajiri asiihesabu katika malipo yake. Mshahara ni haki ya kazi niliyoifanya, nao uwe wa kutosha chakula, nyumba, shule na dawa hata kama sina shamba la ukubwa wa kitambaa.

Basi kama jembe si mshahara, lina faida gani kwa mtu wa chama? Faida yake ni kwamba humpa mtu pumzi. Mfanyakazi ambaye chakula cha siku tatu zijazo kiko dukani kwa mkopo, hawezi kusema "hapana" akadumu nayo. Anayejua kwamba nyumbani kuna kitu udongoni, na kwamba mikono yake yajua kazi zaidi ya moja, huyo aketi kitako mezani akajadiliana. Mwajiri hujua tofauti ya watu hao wawili kabla hawajafungua kinywa.

Wala msidhani mashine ziko reli tu. Hapa Nyambene twachuma chai. Mkono wa mchumaji mwema huchukua majani mawili na chipukizi, haraka, bila kuvunja kijiti. Huko Kericho mashine za kuchuma zimeingia mashambani, na mwezi wa Mei 2023 hasira ilifika mahali watu wakazichoma moto. Uchungu wao naujua, lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, na aliyekamatwa huacha watoto. Yafaa tuweke masharti mashine ingali melini, si ikisha fika shambani.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya mkutano huu.

La kwanza. Kila tunapoandika mapatano na mwajiri, tutie kifungu kisemacho: chombo kipya hakianzi kazi mpaka wafanyakazi waliopo wamefundishwa kukiendesha na kukitengeneza. Kukiendesha peke yake hakutoshi. Na mtu akipunguzwa kazi, tukumbuke Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili alioutumikia.

La pili. Waajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende katika mfuko wa mafunzo ya kazi unaosimamiwa na mamlaka iitwayo NITA. Mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi akituambia hana fedha za kutufundisha, tumwulize kwa adabu kama ameuliza habari za mfuko huo. Na ninyi mafundi mliojifunza kwa macho, bila cheti, nendeni mkafanye mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia Daraja la Tatu. Mtihani huo hupima kazi ya mkono. Mtu aweza kujenga nyumba miaka 20 akalipwa kama kibarua kwa sababu hana karatasi moja.

La tatu. Tawi letu liweke Jumamosi moja kila mwezi kuwa siku ya kufundishana. Mzee wa mizinga afundishe mizinga, mama anayesuka kiondo afundishe kusuka, fundi wa umeme afundishe kubadili fyuzi na kutambua waya mbovu, karani afundishe kusoma karatasi ya mshahara. Ndiyo, hata hilo ni ujuzi wa kujitegemea, na wengi hutia sahihi bila kujua wamekatwa nini. Walimu hao wapewe angalau chai na nauli, maana ujuzi wa mzee nao ni kazi.

La nne. Kila mwanachama mwenye kipande cha shamba apande mstari mmoja wa ikwa msimu huu. Hakuna haja ya kung'oa miraa. Mstari mmoja tu, pembeni, penye mti wa kuegemea. Asiye na shamba ajifunze ufundi wa pili.

Na kila mmoja wetu, akinunua kitu cha kumrahisishia maisha, ajiulize maswali matatu. Kikiharibika, nani atakitengeneza? Kikikosekana, nitafanyaje siku ya pili? Na kazi iliyokuwa ikifanywa na mkono wangu, sasa yuko nani anayelipwa kwa kuifanya? Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima, na usiku ule kila nyumba ilijibu maswali hayo gizani. Yule aliyekuwa na taa ya mafuta na kiberiti, na aliyejua alikoviweka, hakupata shida.

Ndugu zangu, vijana wetu hawakosi akili. Mtoto wa miaka kumi aweza kuifungua simu na kukuonyesha mambo usiyoyajua. Akili hiyo hiyo yaweza kujua shimo la ikwa, na mzinga, na kilicho ndani ya kisanduku cha injini, kama yuko mtu wa kumfundisha. Mwenye kujua na afundishe bila choyo. Asiyejua na aulize bila haya. Na mkutano ujao Bwana Mwenyekiti atuulize kwa majina ni nani amefundisha nini, na ni nani amepanda.

Umoja ni nguvu.